X, Wayland au DRM moja kwa moja: programu ya skrini kwenye Linux isiyoandikika

Mezani ilikuwa inafanya kazi. Programu ilifunguka, vitufe viliitikia kidole, rangi zilikaa sawa. Kisha nikabadilisha neno moja kwenye `fstab`, faili inayoorodhesha mifumo ya faili ya kufunguliwa kifaa kinapowaka: `rw` (kusoma na kuandika) ikawa `ro` (kusoma tu), nikazima kifaa na kukiwasha tena, na skrini ikabaki nyeusi. Kwenye kebo ya siriali kulikuwa na mstari mmoja tu wa maana:

`(EE) Cannot open log file "/var/log/Xorg.0.log"`

Seva ya picha ilikataa kuwaka kwa kukosa pa kuandika shajara yake. Haikuhitaji diski ili kuchora hata nukta moja. Ilihitaji mahali pa kuandika kwamba imewaka. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atumie X (seva ya picha ya zamani), atumie Wayland (mrithi wake), au aiache programu ichore yenyewe kwenye skrini kupitia DRM, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayosimamia skrini, sianzi na sura wala kasi. Nauliza: humo ndani nani anataka kuandika, anaandika wapi, na akinyimwa anafanyaje?

Sababu za kuufunga mfumo wa faili sitazirudia kwa kirefu. Umeme hukatika bila taarifa, flash huchakaa kwa kuandikwa, na imeji (nakala nzima ya mfumo) isiyobadilika ni rahisi kuisaini na kuisasisha. Ila jihadhari na jambo moja: `ro` ya ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, si ahadi kamili. Jarida lake likiwa na kazi ambayo haikumalizika, kerneli italicheza upya hata kama umeomba kusoma tu, isipokuwa umeongeza `noload`. SquashFS, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.29 mwaka 2009, na EROFS, iliyotoka kwenye eneo la majaribio katika kerneli 5.4 mwaka 2019, hazina njia ya kuandikwa hata ukitaka. Mimi napendelea hizo mbili, maana kinachowezekana siku moja kitafanyika.

## Vigezo

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo matano. La kwanza ni uandishi: ni faili, kufuli na soketi zipi zinaundwa, na wapi. La pili ni uzito, yaani RAM na muda wa kuwaka. La tatu ni madirisha na mguso: programu ngapi zinagawana skrini, na kibodi ya skrini inatoka wapi. La nne ni kinachotokea programu ikianguka usiku wa manane na hakuna mtu karibu. La tano ni utunzaji: miaka mitano ijayo, nani atakuwa bado anarekebisha kasoro za njia uliyochagua.

## Yatakayokukuta popote uendako

Kuna waandishi ambao hawajali umechagua njia gani. Ukiwasahau utailaumu X au Wayland bure.

Wa kwanza ni fonti. Fontconfig, maktaba inayotafuta fonti, hujenga kashe ya fonti zote, na isipopata pa kuiweka inalalamika `No writable cache directories`, kisha inazisoma fonti upya kila programu inapofunguka. Kwenye kichakataji kidogo hilo linaonekana kwa macho. Dawa ni kuendesha `fc-cache` wakati wa kujenga imeji. Lakini hapo pana mitego miwili. Kashe kwa kawaida iko `/var/cache/fontconfig`. Ukifunika `/var` kwa tmpfs tupu (mfumo wa faili unaoishi ndani ya RAM), umeifunika kashe yako pamoja nayo. Mtego wa pili ni wa kichinichini zaidi: fontconfig hulinganisha muda wa mwisho wa kubadilishwa kwa saraka ya fonti na ule uliomo ndani ya kashe. Zana yako ya kutengeneza imeji ikisawazisha nyakati zote za faili baada ya `fc-cache` kukimbia, kashe ipo, inasomeka, na haikubaliki. Nilipoteza siku nzima kwa hili. Siku hizi naihamishia kashe chini ya `/usr/lib/fontconfig/cache` kupitia `fonts.conf`, na kuijenga baada ya nyakati kusawazishwa.

Wa pili ni Mesa, maktaba ya draiva za GPU. Sheda (programu ndogo za GPU) zikishakusanywa huwekwa chini ya `~/.cache`, na kikomo cha kawaida ni gigabaiti 1. Kama saraka ya nyumbani iko kwenye tmpfs, gigabaiti hiyo ni RAM yako. Ipe `MESA_SHADER_CACHE_DIR` partisheni ya data, au zima kashe kwa `MESA_SHADER_CACHE_DISABLE=true` na ukubali kuchelewa kidogo kila inapowaka. Qt, maktaba ya kujengea programu za skrini, ina ya kwake kwa ajili ya QML, lugha yake ya kuelezea skrini, na `QML_DISABLE_DISK_CACHE=1` huizima; bora zaidi ni kuikusanya QML mapema wakati wa kujenga.

GTK, maktaba nyingine ya aina hiyo, nayo ina mambo yake. dconf, hifadhi yake ya mipangilio, inataka kuandika `~/.config/dconf/user`; ukiweka `GSETTINGS_BACKEND=memory` inatulia. Faili kama `gschemas.compiled`, `loaders.cache` na `icon-theme.cache` kwa kawaida hutengenezwa kifurushi kinaposakinishwa, kwa hiyo hakikisha zimo ndani ya imeji kabla hujaifunga.

Mwisho ni usawazishaji wa mguso. Huu ni uandishi wa kweli, unaotakiwa kuishi baada ya umeme kukatika. Kama paneli zako zote ni za aina moja, weka tarakimu zake kwenye kanuni ya udev (huduma inayotambua maunzi) kwa `LIBINPUT_CALIBRATION_MATRIX` na umalize. Kama kila kifaa kina paneli yenye tabia zake, na unatumia tslib (maktaba ya skrini za mguso), elekeza `TSLIB_CALIBFILE` kwenye partisheni ya data.

## Njia ya kwanza: X

X ilizaliwa MIT mwaka 1984, na toleo la 11 tunalolitumia ni la 1987. Ililelewa kwenye mashine zenye diski ya kuandikika, na malezi yanaonekana.

Uandishi. Hapa ndipo X inapotaka subira. Kufuli lake ni `/tmp/.X0-lock`, soketi iko ndani ya `/tmp/.X11-unix`, logi huenda `/var/log`, au chini ya `~/.local/share/xorg` ikiendeshwa bila mamlaka ya root. Ramani ya kibodi huikusanya upya kila inapowaka kwa kuita `xkbcomp`, kwa hiyo usije ukaifuta zana hiyo ukidhani unapunguza imeji. Ukiwasha kwa `startx`, `xauth`, zana ya vibali vya X, itataka kuifungia kufuli `~/.Xauthority`; ukiona `error in locking authority file`, jua saraka ya nyumbani haiandikiki.

Dawa zote zinajulikana. `/tmp` iwe tmpfs, logi ielekezwe kwa `-logfile /run/xorg.log`, na kigeu `XAUTHORITY` kielekee `/run`. Au achana na `startx` kabisa, uite `xinit` kutoka kwenye huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), maana `xinit` yenyewe haigusi `xauth`. Ukishafanya hayo, X inaishi vizuri kabisa bila diski. Tena inapata nafuu moja ambayo watu hawaitaji: kwenye diski ya kawaida, umeme ukikatika `/tmp/.X0-lock` hubaki na namba ya mchakato uliokufa, na kifaa kikiwaka tena huenda namba hiyo imepewa mchakato mwingine. X inaona uko hai, inakataa, inasema tayari kuna seva kwenye skrini hiyo. Kwenye tmpfs kufuli hufa pamoja na umeme.

Uzito. Unaongeza seva, na mara nyingi msimamizi wa madirisha. Unaweza kuishi bila msimamizi kama programu ni moja tena ya skrini nzima, lakini siku itakapofungua kisanduku cha "Una uhakika?" utaona kibodi haijui iandike wapi. Kitu kidogo kama Matchbox kinatosha.

Madirisha na mguso. Hapa X haina mpinzani kwa wingi wa zana. Kibodi za skrini zipo, programu za zamani zinakimbia bila kuguswa, na fundi aliye mbali anaiona skrini kwa x11vnc bila maandalizi makubwa. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba programu yoyote iliyounganishwa na seva inaweza kusikiliza vitufe vya nyingine. Kwenye kifaa chenye programu moja hilo halina uzito. Kwenye kifaa kinachopokea nywila na pia kinaendesha programu za watu wengine, lina uzito sana. Kumbuka pia kuzima ulalaji wa skrini kwa `xset s off -dpms`, la sivyo baada ya dakika 10 utapigiwa simu.

Ikianguka. Seva inabaki hai, skrini tupu. Ukitumia `xinit`, kufa kwa programu kunaishusha seva pia, systemd inawasha vyote viwili upya, na mtumiaji anaona kupepesa kidogo.

Utunzaji. Bado inarekebishwa, lakini njia inaelekea kumalizikia. RHEL 10 ya 2025 imetoka bila seva ya Xorg, Raspberry Pi OS ilianza kuhamia Wayland mwaka 2023, na GTK 4.18 imeutangaza upande wake wa X11 kuwa umepitwa na wakati. Kifaa utakachokifunga ukutani leo kwa miaka 10 kitaiona siku ambayo toleo jipya la zana zako halitaki tena kuongea na X.

Inamfaa mwenye programu iliyokwisha andikwa kwa X ambayo hana muda wala msimbo wa kuibadilisha, na mwenye kuhitaji kuiona skrini kutoka mbali kwa njia iliyozoeleka.

## Njia ya pili: Wayland yenye kompozita ya kioski

Wayland ilianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Kwenye vifaa vyetu hatuzungumzii mazingira mazima ya mezani. Tunazungumzia kompozita (programu inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja) ndogo, inayoweka programu kwenye skrini nzima na kunyamaza. Wawili wanaotajwa zaidi ni Weston, ambayo ina gamba la kioski tangu toleo la 9 la mwaka 2020, na Cage, iliyojengwa juu ya wlroots (maktaba ya kujengea kompozita) kwa ajili ya programu moja.

Uandishi. Karibu kila kitu kinapita mlango mmoja: `XDG_RUNTIME_DIR`. Humo ndimo inamoundwa soketi kama `wayland-0` na kufuli lake. Kwa kawaida ni `/run/user/` ikifuatwa na namba ya mtumiaji, nayo tayari ni tmpfs. Ukiwa na logind (huduma ya systemd inayosimamia watumiaji walioingia) hufanyi lolote; usipokuwa nayo, iunde mwenyewe kwa `RuntimeDirectory=` ya systemd, ruhusa zikiwa 0700. Kosa la kila mgeni ni kuwasha Weston kutoka kwenye hati ya kuwashia mashine, kigeu hicho hakipo, na Weston inakufa ikisema hivyo hivyo. Angalau inasema.

Mtego mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu. Programu inayochora kwa CPU huigawia kompozita kumbukumbu ya pamoja. Maktaba za sasa hutumia `memfd_create`, iliyokuja na kerneli 3.17, lakini za zamani huunda faili ndani ya `XDG_RUNTIME_DIR`. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye baiti 4 kwa nukta ni takriban megabaiti 8.3 kwa fremu moja, na fremu huwa mbili au zaidi. logind huipa saraka hiyo asilimia 10 ya RAM. Kwenye kifaa cha megabaiti 128 utakuta fremu ya kwanza inapata nafasi na ya pili inagoma, na ujumbe unaoletwa ni kwamba nafasi imekwisha kwenye kifaa ambacho unaamini hakina diski ya kujaa. Ongeza `RuntimeDirectorySize` au sasisha maktaba.

Uzito. Mchakato mmoja wa ziada badala ya miwili, kwa kuwa kompozita ndiyo seva na ndiyo msimamizi. Inataka draiva ya DRM iliyo timamu na, kwa raha yako, GPU yenye draiva ya Mesa. Chipu yenye draiva ya kale ya muuza chipu inaweza kukufungia mlango huu kabla hujaanza, kwa hiyo jaribu kwenye maunzi yenyewe kabla ya kuahidi mtu yeyote chochote.

Madirisha na mguso. Programu kadhaa zinagawana skrini bila kupelelezana. Gamba la kioski la Weston linaweza kupeleka kila programu kwenye skrini yake kwa kutaja `app-ids` chini ya sehemu ya `output`, jambo tamu kwa kifaa chenye skrini ya muuzaji na ya mteja. Kibodi ya skrini ndipo penye mashaka: inategemea itifaki ambazo kompozita moja inazo na nyingine haina. Wengi huishia kuiweka kibodi ndani ya programu yenyewe, na sioni ubaya. Weston nayo huzima skrini, baada ya sekunde 300; `idle-time=0` inamaliza hilo.

Ikianguka. Cage hujifunga yenyewe programu yake inapojifunga, kwa hiyo kanuni moja ya `Restart=always` inatosha kwa vyote. Weston hubaki hai, na programu inawashwa peke yake kama huduma nyingine. Kompozita ikianguka, programu zake nazo huanguka. Panga utegemezi wa huduma zako ukilijua hilo.

Utunzaji. Hapa ndipo nguvu ya jamii ilipo sasa.

Inamfaa anayeanza leo, mwenye programu zaidi ya moja au kivinjari, kwenye chipu yenye draiva iliyo ndani ya kerneli kuu. Programu ya zamani ya X bado inaweza kuingia kupitia Xwayland (seva ya X ndani ya Wayland), ila ukiileta umerudisha na `/tmp/.X11-unix`.

## Njia ya tatu: kuchora moja kwa moja

Hapa hakuna seva wala kompozita. Programu inafungua `/dev/dri/card0` yenyewe na kuimiliki skrini. Qt inafanya hivyo kwa `QT_QPA_PLATFORM=eglfs`, SDL2 (maktaba ya michoro na michezo) kwa `SDL_VIDEODRIVER=kmsdrm`, LVGL (maktaba ndogo ya michoro) kwa draiva zake za DRM au `/dev/fb0`, njia ya zamani, na Cog, kivinjari kidogo cha WPE WebKit, inaweza kuonyesha ukurasa wa wavuti kwa mtindo huo huo. GTK haimo: GTK 4 haina upande wa DRM.

Uandishi. Ndogo kuliko zote. Hakuna soketi wala kufuli. Qt italalamika kama `XDG_RUNTIME_DIR` haipo na kujitafutia mahali chini ya `/tmp`, basi. LVGL ikitumia fonti zilizogeuzwa kuwa safu za C ndani ya programu, hata fontconfig haipo, na ile siku yangu nzima niliyoipoteza isingepotea. Kinachobaki kuandikwa ni kile programu yako inachokitaka, yaani kosa likitokea ni lako.

Uzito. Programu na kerneli. Kwenye skrini ya 800 kwa 480, fremu ni megabaiti 1.5, na LVGL juu ya chipu isiyo na GPU inaendesha menyu zenye heshima zake. Kwa muda wa kuwaka, njia hii ina hatua chache zaidi za kusubiri.

Madirisha na mguso. Bei unailipa hapa. Mwenye skrini ni mmoja. Mchakato wa pili hauwezi kuchora wakati wa kwanza anaishikilia. EGLFS, hiyo njia ya Qt, inakubali dirisha moja la OpenGL kwa skrini, na anayefungua dirisha la pili la QML anaiona programu ikikatika. Visanduku vyote vya maswali lazima viwe sehemu ya mandhari ile ile moja. Picha ya kuwakia nayo iachie skrini kwa wakati, la sivyo programu itaikuta imeshikwa.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye mafunzo mengi. Bila seva inayochukua kibodi, vibonye anavyobonyeza mtumiaji huenda pia kwenye konsoli iliyo chini ya picha. EGLFS hujitahidi kuizima kibodi ya konsoli, lakini programu za LVGL na nyinginezo mara nyingi hazifanyi hivyo. Kama `getty`, programu inayoomba jina na nywila ya kuingia, inakimbia kwenye tty1 (konsoli ya kwanza), mtu anaandika nywila yake juu ya picha nzuri, na chini yake nywila hiyo hiyo inaingia kwenye kidokezo cha kuingia. Zima `getty@tty1`, na weka `consoleblank=0`.

Ikianguka. Safi kwa kushangaza. Mchakato ukifa kerneli inaachia skrini, konsoli inachungulia kwa muda, systemd inaiwasha programu upya. Hakuna mtu wa kati wa kusawazisha naye.

Utunzaji. DRM ni sehemu ya kerneli, haitaondoka. `/dev/fb0` ni habari nyingine; usianzie hapo mradi mpya kama chipu yako ina draiva ya DRM. Angalia pia leseni mapema: sehemu kubwa ya Qt hutolewa chini ya LGPLv3, ambayo kwa bidhaa za watumiaji wa kawaida inadai mwenye kifaa aweze kubadilisha maktaba hiyo. Imeji iliyosainiwa na kufungwa kwa dm-verity (ukaguzi wa kerneli dhidi ya mabadiliko) haimpi nafasi hiyo. Hilo linaigusa Qt katika njia zote tatu, ila wanaofunga kila kitu ndio hao hao wanaopenda EGLFS. LVGL ina leseni ya MIT na haileti swali hilo.

Inamfaa mwenye programu moja, iliyoandikwa na timu yake mwenyewe, kwenye maunzi madogo au yanayotakiwa kuwaka haraka.

## Na maandishi yaende wapi?

Ukishachagua njia, bado lazima uamue yale machache yanayoandikwa yatatua wapi.

Tmpfs iliyopangwa mahali kwa mahali ndiyo ninayoanza nayo: `/tmp`, `/run`, saraka mbili tatu ndani ya `/var`. Usiposema ukubwa, kila moja inaruhusiwa hadi nusu ya RAM, kwa hiyo sema. `size=16m` inayojaa mapema kwenye meza ya majaribio ni rafiki.

Overlayfs, yaani tabaka la kuandikika juu ya mfumo usioandikika, ikiwekwa juu ya mzizi mzima, sehemu ya juu ikiwa tmpfs, inavutia kwa sababu inanyamazisha kila kosa kwa mpigo mmoja. Hiyo ndiyo shida yake. Nilikuwa na kifaa kilichokufa kila baada ya wiki kadhaa bila kuacha ushahidi. Faili moja ya `.xsession-errors` ilikuwa inakua polepole ndani ya RAM, na kila kilipozimwa na kuwashwa ushahidi ulifutika. Kwa maonyesho au kwa kifaa kinachozimwa kila jioni, overlay ya namna hii haina neno.

Overlay ambayo sehemu yake ya juu inaishi kwenye flash naiogopa zaidi. Faili iliyowahi kuguswa inanakiliwa juu, na nakala hiyo inaifunika ya chini hata baada ya kusasisha imeji. Unasambaza marekebisho kwa zana za kusasishia kama RAUC, SWUpdate au Mender, vifaa 9 vinarekebika, cha 10 kinaendelea na mpangilio wa mwaka juzi.

Partisheni ndogo ya data ndiyo njia ya mambo yanayotakiwa kudumu: usawazishaji wa mguso, lugha, mwangaza wa skrini. Andika kwenye faili ya muda, ita `fsync` (inayolazimisha data ifike kwenye flash), badili jina, kisha `fsync` ya saraka. Na kwenye `fstab` weka `nofail`, ili partisheni hiyo ikiharibika programu iwake kwa mipangilio ya mwanzo na iseme kuna tatizo. Skrini inayosema ina tatizo ni bora kuliko skrini nyeusi.

## Kwa hali yako

Una programu moja mpya, chipu ndogo, skrini ndogo, na kifaa kinachokatiwa umeme hovyo: anza na DRM moja kwa moja, LVGL kama hakuna GPU, Qt au SDL2 kama ipo, pamoja na SquashFS na tmpfs za ukubwa uliotajwa.

Unaonyesha kurasa za wavuti: Wayland na kivinjari ndani ya Cage au Weston, wasifu wake ukielekezwa kwenye tmpfs kama haujali kudumu. Kwa Chromium ni `--user-data-dir`. Kama ukurasa ni mmoja na mwepesi, Cog juu ya DRM inakuondolea mchakato mmoja.

Una programu mbili au tatu za timu tofauti kwenye skrini moja, au skrini mbili: Weston, na usijaribu kubana hilo ndani ya EGLFS.

Umerithi programu ya GTK 2 au ya Qt 4 na kifaa lazima kiondoke mwezi huu: X, kwa `xinit`, logi na kufuli zikiwa kwenye `/run` na `/tmp`. Xwayland ni mpango wa mwaka ujao.

Una programu usiyo na msimbo wake, na hujui inaandika wapi: usichague chochote bado. Iwashe kwenye mfumo uliofungwa namna hii, ibonyeze kila kitufe, kisha usome kilichobaki kwenye skrini ya siriali:

`strace -f -e trace=%file ./programu 2>&1 | grep EROFS`

`EROFS` hapa ni kosa la kujaribu kuandika kwenye mfumo wa kusoma tu, si ule mfumo wa faili wenye jina hilo. Kila mstari unaotoka ni mahali ilipogonga mwamba. Ikiwa ni mistari 3, njia yoyote kati ya hizi itakufaa. Ikiwa ni 60 na yote iko ndani ya saraka yake yenyewe chini ya `/opt`, hiyo ndiyo mara moja ambayo ningeweka overlay, juu ya saraka hiyo peke yake.